Kumpakia Mama Mkwe, Lodwar hadi Kakuma

Tangu nirudi nyumbani kwa likizo, kila ninayekutana naye sokoni ana swali lile lile, na wengine hawalimalizi kwa kicheko. Mmesikia kwamba nilimpakia mama mkwe wangu kwenye pikipiki, na kwamba alinishika kiuno mchana kweupe. Ni kweli. Afadhali basi mlisikie kwangu kuliko kuokota vipande vyake kwa kinyozi. Habari za nauli na vibali vya kusafiria nitaziruka, maana hazimchekeshi wala kumliza mtu.

Nyinyi wa huku Bungoma hamhitaji kuambiwa, lakini karatasi hii itasomwa pia na walimu wenzangu wa Kakuma, ambao wengine kwao si hivyo. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na mtu aliyelelewa nayo huihisi mwilini kama anavyohisi moto.

Lodwar, mahali pa kungoja

Mke wangu Nekesa alikuwa na mimba yake ya pili. Ya kwanza ilikwisha vibaya: mtoto alizaliwa kimya, na Nekesa akalala wadini peke yake, mimi nikiwa nje, bila mtu wa kumshika mkono. Safari hii alisema jambo moja tu. "Nataka mama." Mama yake akakubali kutoka Bungoma, na mimi nikateremka kutoka Kakuma kuja kumpokea Lodwar.

Basi lake lilikwama Kainuk likingoja askari wa kulisindikiza, likafika Lodwar siku ya pili wakati jua limekwisha kuiva. Alishuka akiwa na rangi ya vumbi kutoka nywele hadi viatu, na gunia dogo la unga wa wimbi alilokuwa amesaga mwenyewe kwa ajili ya uji wa mzazi. Nilisimama mbali kama mlingoti. Nilimwamkia nikitazama viatu vyake, naye akaitikia akitazama gurudumu la basi. Ni mwanamke ambaye hajazeeka. Alimzaa Nekesa akiwa msichana, na mtu asiyetujua akituona pamoja hawezi kudhani ni mama mkwe. Hilo lilikuja kuniponza njia nzima.

Tulikuwa tulale Lodwar, asubuhi tutafute lori. Asubuhi hiyo ndipo nilipoitwa kwenye ofisi yenye redio ya upepo. Ujumbe kutoka Kakuma ulikuwa mfupi: uchungu umeanza, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mgonjwa anamuita mama yake.

Nilikimbia kwenye malori. Yote yalikuwa yamejaa magunia ya chakula cha wakimbizi, na madereva walikuwa wamekatazwa kubeba abiria. Basi la Kakuma lilikuwa juu ya mawe, springi imekatika. Nikabaki na rafiki yangu Ekai, Mturkana anayefanya kazi ya visima vya maji, na pikipiki yake ndogo, zile ambazo unapitisha mguu katikati badala ya kuurusha juu.

"Mwalimu, sikiza," Ekai aliniambia akichuchumaa kando ya injini. "Wewe umezoea pikipiki kubwa. Hii hapana na klachi ya mkono. Usitafute."

"Sasa inashika vipi?"

"Ndani iko vyuma, na springi. Injini ikizunguka pole pole, springi inavuta vyuma ndani. Injini iko peke yake, gurudumu iko peke yake. Ukiongeza mafuta, vyuma inarushwa nje, kama mtu anazungusha jiwe kwa kamba. Inabana. Ndiyo inaenda."

"Na nikibadilisha gia?"

"Ukikanyaga pedali, inaachia. Ukitoa mguu, inashika. Sasa mteremko." Hapo alinishika goti ili nimtazame. "Weka gia ya chini, funga mafuta. Injini yenyewe itashika pikipiki. Usitoe gia kwa mteremko, mwalimu. Hiyo breki ya nyuma ni ya kuomba Mungu tu."

Niliitikia kwa kichwa. Nilielewa kila neno, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi. Nilimtuma Ekai, nami nikasimama nyuma ya nyumba aliyolala nikisikiliza. Mwishowe nikamsikia akisema, "Mwambie afunge lile gunia katikati yetu."

Nyuma ya msafara

Siku hizi magari ya barabara ile hayaendi ovyo kwa sababu ya majambazi. Hukusanyika kwenye kizuizi, askari wakatangulia na wengine wakafunga nyuma. Tuliungana nao mkiani. Mimi mbele, gunia la wimbi limefungwa kwa mpira nyuma yangu, na mama kwenye keria nyuma ya gunia, ameketi upande, miguu yake yote kushoto, ameshika chuma cha keria kwa mikono miwili.

Askari mmoja alitupitia akacheka. "Mwalimu, mwambie mke wako akushike vizuri. Hapa si Nairobi, hakuna lami ya kuchezea."

Nilipaswa kusema, "Si mke wangu, ni mama mkwe." Maneno matano sita tu. Lakini madereva wote walikuwa wanatazama, na niliwaza jinsi watakavyoangua kicheko: mwanamume gani anampakia mkwewe? Nikasema, "Sawa, afande." Nyuma yangu nilisikia mama akivuta pumzi.

Tukaondoka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kama wa mtu aliyepoteza kidole: kila mara ulitafuta klachi ambayo haipo. Kila nilipokanyaga gia na kuondoa mguu, pikipiki ilishtuka. Kila nilipofunga mafuta ghafla, injini iliushika mwendo, na vyote vilivyokuwa nyuma vikaja mbele. Gunia lilinigonga mgongoni, na nyuma ya gunia alikuwepo mama. Nilihisi uzito wake ukipita katika ule unga. Nilikaza misuli nikasogea mbele mpaka nikawa nimekalia ncha ya kiti. Njia nzima sikuwaza juu ya Nekesa. Nasema kweli. Niliwaza juu ya mgongo wangu.

Lami ya barabara ile imekatika vipande, na kati ya kipande na kipande ni mashimo ambayo mbuzi anaweza kulala ndani. Msafara ulitukimbia. Askari waliofunga nyuma wakatupungia mkono wakatupita, na vumbi lao likatulia. Tukabaki sisi, mawe meusi, na miti ya miiba.

Hoteli ya mikeka

Gurudumu la mbele liliisha upepo, nikalisukuma hadi mahali penye vibanda vitatu. Kimoja kilikuwa hoteli ya mikeka ya majani ya mkoma, ya mama mmoja wa Kiturkana mwenye shanga mpaka kidevuni. "Ejok," alituamkia, nasi tukaitikia. Nilipokuwa nikiziba pancha kwa gundi na kipande cha tyubu kuukuu, mama mkwe aliketi ndani kivulini. Mimi nilipomaliza nikaenda kukaa nyuma ya kibanda, juani, nimeupa mlango mgongo.

Mwenye hoteli alitoka akanizunguka, akanitazama, akarudi ndani akamtazama mama. Kisha akanijia.

"Nyinyi nagombana?"

"Hapana, mama. Hatujagombana."

"Yeye naangalia huku, wewe naangalia kule. Safari mrefu na hasira ni mbaya." Alikuwa na huruma ya kweli usoni. "Wewe mwanaume, anza kuongea."

Hapo tena nilikuwa na nafasi. Tulikuwa watu watatu tu, hapakuwa na dereva wala askari wa kunicheka. Ulimi haukuinuka. Nikasema, "Tutapatana."

Basi yule mama akafanya alichoona ni chema. Alipika nyama ya mbuzi, akaikata vipande, akaiweka yote kwenye sinia moja na chapati mbili, akanishika mkono akaniingiza ndani na kunikalisha mkekani mbele ya mkwe wangu, magoti yetu yakikaribia kugusana. "Kula pamoja," alisema. "Hasira naisha kwa sahani."

Mama alisimama. Alimshukuru mwenye hoteli kwa adabu, akavuta kanga yake kichwani, akatoka. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jioni ya jana yake. Nilimwona kupitia tundu za mkeka amesimama kando ya pikipiki, akipangusa vumbi kwenye kiti kwa ncha ya kanga, kiti ambacho hakikuhitaji kupanguswa. Mimi sikula. Mwenye hoteli alitufungia nyama ile kwa karatasi, akatikisa kichwa, nadhani akiwaza kwamba ndoa yetu imekwisha.

Mteremko wa kwanza

Barabara ile huvuka makorongo mengi ya mchanga ambayo huwa makavu mpaka mvua inyeshe mbali milimani. Kila korongo barabara inashuka, inapita kwenye sakafu ya saruji, inapanda tena. Madogo tuliyapita kwa kushtuka na kugongana. Kila mara niliposhuka kwa gia, injini ilizuia, gunia likaja, na mama akaguna.

Tulifika kwenye mteremko mrefu kuliko yote tuliyokuwa tumeona. Niliona chini kabisa ile saruji nyeupe. Na nikawaza: nikishuka na gia, ataniegemea kutoka hapa mpaka kule. Basi nikakanyaga pedali nikaitia fri, yaani bila gia yoyote. Injini ikawa inanong'ona peke yake, gurudumu likawa peke yake. Tulishuka kama maji. Hakuna kushtuka, hakuna gunia mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu Lodwar nilipumua, na nikajiona mwerevu.

Mwendo ulipozidi nikagusa breki ya nyuma. Ilishika kidogo. Nikaikanyaga, ikatoa harufu ya kuungua, kisha mguu ukashuka mpaka mwisho na hakuna kilichotokea. Nilijaribu kurudisha gia, na pikipiki ikapiga kelele ya chuma kwa chuma, kwa kuwa injini ilikuwa imelala na gurudumu linakimbia. Breki ya mbele niliiogopa. Nikaona saruji ikija, na juu yake mchanga mlaini ulioachwa na maji ya juzi.

Gurudumu la mbele lilizama. Mimi nilirushwa upande mmoja, mama upande mwingine. Nilipoinua kichwa hewa yote ilikuwa ya rangi ya hudhurungi, nikadhani nimeumia macho. Ulikuwa unga wa wimbi. Gunia lilikuwa limepasuka kutoka mdomo hadi kitako.

Mama alikuwa ameketi mchangani kando ya saruji, karibu na jiwe lenye ncha, ameshika mguu chini ya goti. Damu ilikuwa ikitoka kati ya vidole vyake na kuchanganyika na unga.

"Breki imekatika," nilisema. Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia uso kwa uso maishani mwangu, na lilikuwa la uongo.

Nilivua shati la ndani nikalichana. Kisha nikasimama na kitambaa mkononi, kwa sababu jeraha lilikuwa mahali ambapo sina ruhusa ya kutazama, sembuse kushika.

"Fumba macho ufunge," alisema.

Nilifumba. Nilifunga kwa kupapasa, nikazungusha kitambaa, nikakaza fundo.

"Fumbua," akasema. "Umenifunga na kijiti."

Nikafumbua macho, nikatoa kijiti, nikafunga jeraha la mama mkwe wangu huku nikiliangalia. Lilikuwa refu, halikuwa la kina. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mteremko wa pili

Pikipiki iliwaka. Usukani ulikuwa umepinda kidogo, lakini ilienda. Nilipanda nayo ng'ambo ya korongo, mama akifuata kwa miguu akichechemea, maana hakutaka kupanda. Juu kabisa alisimama, akaona barabara inakoelekea: inashuka tena, korongo jingine, refu vile vile.

"Mimi nitatembea," alisema.

"Mama, Kakuma bado ni mbali."

"Breki imekatika, si umesema? Hapa tutashukaje? Heri Nekesa anione nimechelewa kuliko asinione."

Alianza kutembea. Nilimtazama anavyovuta ule mguu, nikajua kwamba hatafika leo, na kwamba hatapanda kwa sababu ya uongo wangu. Kulikuwa na njia moja tu.

"Mama. Breki haikukatika pale mwanzo. Niliitoa gia makusudi."

Akasimama. "Makusudi?"

"Ikiwa na gia, injini inaizuia pikipiki isikimbie. Lakini inashtuka, na ikishtuka unaniangukia. Nikaona... nikaona bora isikuangushe kwangu."

Aligeuka. Akanitazama usoni, moja kwa moja, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nilipompeleka Nekesa kwangu.

"Kwa hiyo uliona afadhali nife kuliko nikuguse?"

Upepo ulikuwa ukipeperusha ule unga kutoka nguoni mwangu.

Alirudi akichechemea. Akaifunga kanga yake vizuri, akapanda, safari hii mguu huku na mguu kule kama mwanamume, na hapakuwa na gunia tena. Akaniweka mikono kiunoni. "Twende," alisema. "Mtoto wangu yuko peke yake."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikahisi yanawaka. Lakini sasa nilikuwa na kazi ya kufanya. Nilishuka polepole katika gia ya tatu, kisha nikakanyaga pedali na kuishikilia chini ili klachi iachie. Nikaongeza mafuta kidogo, mpaka sauti ya injini ikafanana na mwendo wa gurudumu. Ndipo nikauinua mguu taratibu, kama mtu anayeondoa kikombe kwenye mdomo wa mgonjwa. Gia ya pili ikaingia bila kushtuka. Nikafunga mafuta, na injini ikaanza kunguruma na kutuvuta nyuma, kama mkono ulioshika mkia wa ng'ombe.

"Mbona inanguruma hivyo?" aliuliza karibu na sikio langu.

"Ndiyo inatushika, mama."

"Basi iache ingurume."

Katikati ya mteremko lami ilikuwa imebomoka kabisa, nikaenda polepole mno kati ya mawe. Na hapo, bila onyo, ngurumo ikafa. Pikipiki ikawa huru, ikaanza kukimbia. Mkono ulitaka breki, mguu ulitaka breki. Kisha nikalikumbuka lile jiwe la Ekai kwenye kamba: lisipozungushwa haliruki, na vile vyuma bila mzunguko havibani. Ilinibidi niongeze mafuta katika mteremko, na mkwe wangu yuko nyuma, na damu yake bado mbichi. Niliongeza. Injini ikapanda sauti, klachi ikabana, nikafunga mafuta pole, na tukashikwa tena. Mikono ya mama ilikaza lakini hakupiga kelele. Tulipita juu ya saruji kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Makorongo yaliyofuata sikuyahesabu. Mahali fulani alifungua ile karatasi ya nyama, akala, kisha akapitisha kipande juu ya bega langu. Nilikipokea kwa mdomo, kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye usukani. Sasa mmejua na hilo.

Kakuma

Tulifika jua likianza kulegea. Vijana wa Kisudani waliokuwa wakitoka kuimba kanisani walituachia njia wakatukodolea macho: mwalimu aliyejaa unga mwili mzima, na mwanamke mwenye kitambaa chenye damu mguuni. Wanafunzi wangu wawili walikuwa miongoni mwao. Walinyamaza kwa adabu, nayo ikaniuma kuliko kama wangecheka.

Kwenye mlango wa hospitali alikuwepo bawabu Mkongomani. Alimwona mama akishuka, akamkimbilia kumshika mkono.

"Pole, mama. Ingia. Lakini bwana yako atabakia hapa inje. Ndani ni ya banamama tu."

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, safari hii nilikuwa niseme. Lakini mama alinitangulia.

"Huyu si bwana yangu," alimwambia, akinyoosha kanga yake. "Huyu ni wa binti yangu. Na ameniangusha njiani, kwa hiyo usimpe kiti."

Akaingia. Bawabu alinitazama, hakujua acheke au asicheke. Hakunipa kiti.

Nilikaa chini, ukutani, karibu na dirisha la wadi. Nikasikia sauti ya Nekesa akilia kama mtoto, "Mama, mama," na sauti ya mama yake ikimjibu kwa Kibukusu maneno ambayo si ya kuandikwa. Halafu uchungu wenyewe, ambao mwanamume aliyeko nje anausikia bila kuuelewa. Nilijiinamia. Niliwaza kuhusu mteremko wa kwanza, jinsi nilivyojiona mwerevu. Kama lile jiwe la kando ya saruji lingempata kichwani badala ya mguuni, ni nani angemshika Nekesa mkono saa ile? Na yote hayo ili watu wasiseme.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, akanyamaza, akalia tena.

Baadaye kidogo nilisikia kicheko. Kilikuwa cha wanawake wengi. Mkwe wangu alikuwa akiwahadithia wadi nzima: mwenye hoteli na sinia lake, kijiti ndani ya bendeji, mwalimu aliyefumba macho. Hakuacha hata kimoja, na vingine aliviongeza chumvi. Na kati ya vicheko vile nilikitambua cha Nekesa, kichovu, chenye kukatika katika. Tangu tulipomzika yule wa kwanza sikuwa nimekisikia. Nilikaa pale chini nikiwa nimefunika uso, nikichekwa, na sikuthubutu kusogea kisije kikakoma.

Mlango ukafunguliwa. Mama alitoka akiwa na furushi la blanketi mikononi na mkeka kwapani. Aliponiona nimesimama, akageuza uso wake pembeni, akaelekeza macho kwenye ukuta, nami nikatazama chini, kama inavyopasa. Alikunjua mkeka kwenye kizingiti, akamlaza mtoto juu yake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaniachia nafasi.

"Mwambieni," alisema kwa ukuta, ingawa hapakuwa na mtu mwingine pale, "ni msichana. Amshike kichwa."

Nikapiga magoti, nikamwokota.